Fildi yangu Louisville: miezi minne kwenye shirika la wakimbizi

Nimekulia Kasulu. Kambi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu tangu 1996, lakini utotoni nilichokijua ni magari ya UNHCR yanayopita na vumbi lake. Wakongomani wa kambi ile nimekuja kukaa nao meza moja Louisville, Kentucky, Marekani, nilipofanya fildi ya ustawi wa jamii kwenye shirika dogo linalopokea wakimbizi. Januari mpaka Aprili, siku tatu kwa wiki, bila malipo. Nauli ya basi unarudishiwa mwisho wa mwezi ukitunza tiketi.

Wakati ule familia ikishatua, kulikuwa na siku 90 za mwanzo za kukimbizana: nyumba, kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), chanjo, shule za watoto, fudistampu (msaada wa chakula wa serikali), kazi. Mimi nilipangiwa barua. Kila Jumanne watu walikuja na bahasha zao kwenye mifuko ya plastiki, tunazifungua moja baada ya nyingine. Baba mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, alikuja na tatu ambazo hakuwa amezigusa, akiamini zinamwita arudishwe. Zilikuwa za deni la nauli ya ndege iliyomleta Marekani. Nikamweleza kwamba deni lile halina riba, na akizidiwa anaweza kuomba apunguziwe rejesho la mwezi. Alizikunja taratibu, akaziweka mfuko wa shati, akaomba maji ya kunywa. Kwa asubuhi ile peke yake ningerudi tena bila malipo.

Ila usiende ukidhani Kiswahili cha nyumbani kinatosha. Wiki ya pili nilitumwa hospitali kumtafsiria mama mmoja mwenye presha. Akasema, "Munganga alinikataza chumvi." Nikatafsiri mganga wa kienyeji. Nesi akaacha kila kitu, akaanza kuuliza amepewa mizizi gani, anakunywa mara ngapi kwa siku. Mama ananitazama tu, haelewi dawa za mizizi zimetoka wapi. Kwao munganga ni daktari, wa hospitali kabisa. Nilisahihisha, nikamwomba radhi, akasema, "Si kitu, mwanangu." Mimi sikulala usiku ule. Je, lingekuwa jina la dawa?

Hapo ndipo shirika linapokosea, na nasema hivi kwa sababu nalipenda. Kuongea lugha si kujua kutafsiri. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu zisimnyime huduma mtu kwa sababu ya lugha, kwa hiyo hospitali ndiyo yenye jukumu la kuleta mkalimani aliyefunzwa. Mwanafunzi wa fildi akiingia pale, anaziba pengo lisilo lake, na mgonjwa ndiye anayeumia. Nilimwambia msimamizi wangu. Alinisikiliza vizuri, akaacha kunituma mimi. Aliyekuja baada yangu alitumwa.

Msimamizi mwenyewe nampa alama zote. Kila Alhamisi alikaa nami saa nzima na daftari langu, hata siku ofisi imejaa. Ndiye aliyenieleza kwa nini watu wengi kwenye orodha yetu wamezaliwa Januari 1: ndiyo tarehe inayoandikwa kwa asiyejua yake. Tangu siku ile niliacha kumuuliza mzee tarehe ya kuzaliwa kwa sauti mbele ya wajukuu zake.

Nyota 4 kati ya 5. Kama una viza ya mwanafunzi, pata idhini ya chuo kwanza, na ukipangiwa hospitali, kataa kwa heshima. Nunua mabuti kabla ya Januari maana kituo cha basi hakina kibanda. Ijumaa usibebe chakula: kina mama wa darasa la Kiingereza wanaleta sombe, yaani kisamvu chetu, na bugali ya moto iliyofungwa kwenye taulo.