AWX mikononi mwa mtu wa zamu ya usiku: tathmini

AWX ni programu huria inayomwezesha mtu kuendesha kazi za Ansible, zana inayosimamia seva kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa mapema, kupitia kivinjari badala ya kuandika amri kwenye terminali. Red Hat, kampuni iliyoinunua Ansible mwaka 2015, iliuweka wazi msimbo wa AWX mwaka 2017, na tangu hapo imekuwa chaguo la idara nyingi za TEHAMA zinazotaka kuwasha upya huduma, kusasisha seva au kufungua akaunti bila kurudia kazi ileile kwa mkono. Sitaipima kwa wingi wa mambo inayoyaweza. Swali langu ni moja: je, mtu ambaye hakuyaandika maelekezo anaweza kuyaendesha saa nane usiku bila kumwamsha aliyeyaandika?

Kwa upande wa kusoma matokeo, jibu langu ni ndiyo, kwa tahadhari kidogo. Kiolesura kilichoandikwa upya mwaka 2021 kwa React, zana ya kutengenezea kurasa za wavuti, kwa kufuata PatternFly ambao ni mfumo wa usanifu wa Red Hat, kina mpangilio unaotulia: aliyejifunza kuchuja orodha ya seva anajua tayari kuchuja orodha ya kazi. Matokeo hujiandika kwenye skrini kazi ikiendelea, na ukibofya mstari mmoja unaona kilichotokea kwenye seva husika. Tahadhari ni ya rangi. Kijani humaanisha kwamba hali ilikuwa sawa tangu mwanzo na nyekundu humaanisha kushindwa, lakini njano, ambayo mtu aliyezoea taa za barabarani ataisoma kama onyo, humaanisha tu kwamba kuna kitu kimebadilishwa, na kimebadilishwa kwa mafanikio.

Palipo na utajiri, na hatari pia, ni kwenye fomu inayotangulia kazi. AWX humruhusu mwandaaji wa kiolezo cha kazi, yaani kazi iliyokwisha kupangwa ikisubiri kuendeshwa, kuamua ni maswali gani mtumiaji aulizwe kabla ya kuendelea, na miongoni mwa maswali hayo ni sehemu ya kuweka mpaka wa seva zitakazoguswa. Kwa kanuni za Ansible, sehemu hiyo ikiachwa tupu, seva zote zilizolengwa na maelekezo huguswa. Sisi tuliokuwa tukihudumia kiwanda kimoja cha vinywaji tuliiacha wazi, tukiamini kwamba kila mtu analijua hilo, hadi usiku mmoja mwenzetu wa dawati la huduma, ambaye kwake sehemu tupu ilimaanisha "bado sijachagua chochote", alipoendesha kazi na kuzizima huduma zote kwa mpigo badala ya ile moja iliyokwama. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la fomu tuliyoiandaa wenyewe, na tulikuwa tumeiandaa siku ya mwisho ya mzunguko wa kazi, kwa dakika kumi, kwa sababu kwenye ubao wetu wa kufuatilia kazi, kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha pindi maelekezo yanapopita majaribio.

Hapo ndipo tulipobadili utaratibu. Tulikuwa tukifanya kazi kwa mbinu ya ajaili (agile), yaani kukamilisha kazi kidogo kidogo kwa mizunguko mifupi, wetu ukiwa wa wiki mbili, lakini mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji alikuwa akiitwa mwishoni kupaka rangi. Tulichukua mpangilio ambao Desirée Sy wa kampuni ya programu ya Autodesk aliueleza mwaka 2007, yaani mbunifu kutangulia mzunguko mmoja mbele ya watengenezaji: wakati wao wanaandika msimbo wa wiki hizi mbili, yeye anaichunguza na kuijaribu kazi ya wiki mbili zijazo, huku akihakiki iliyokwisha kutoka. Kwa upande wetu ilitosha kuichora fomu kwenye karatasi na kuketi na watu watatu wa zamu.

Karatasi hiyo ilitufundisha jambo ambalo majaribio ya msimbo yasingeligundua kamwe. Tulikuwa tumeweka machaguo mawili, "majaribio" na "uzalishaji", tukidhani tumetafsiri vizuri lugha ya watengenezaji. Mtu wa kwanza aliweka kidole kwenye "uzalishaji" na kuuliza kama ni seva za ukumbi wa kujazia chupa, maana katika kiwanda kile uzalishaji ni idara, ina mlango na ina meneja. Chaguo likawa "Seva zinazotumika sasa hivi kiwandani", na ile sehemu ya mpaka tukaiondoa kabisa, pakawa na swali la lazima lenye orodha ya kuchagua jibu moja. Kwa kazi nzito zaidi tuliongeza hatua ya idhini, ambayo AWX inayo tayari katika mtiririko wa kazi, ili mtu wa pili athibitishe kabla ya seva kuguswa.

Fomu za AWX zina mipaka yake. Machaguo huandikwa mapema na hayavutwi kutoka kwenye orodha hai ya seva, kwa hiyo seva mpya ikiongezwa sharti mtu akumbuke kuirekebisha fomu. Tena swali la pili haliwezi kubadilika kulingana na jibu la kwanza, jambo linalokulazimisha kutengeneza violezo viwili pale ambapo kimoja kingetosha. Maswali unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, nasi tulifanya hivyo, ila vitufe na menyu zinazoyazunguka hazina tafsiri ya Kiswahili, ingawa Kifaransa, Kihispania na Kijapani zimo.

Kuhusu usakinishaji, tangu mwaka 2021 njia inayopendekezwa hupitia Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zilizofungwa kwenye kontena, nao ni mzigo usio mdogo kwa ofisi yenye fundi mmoja. Baada ya toleo la 24.6.1 la Julai 2024, mradi ulitangaza kusitisha matoleo ili kuupanga upya msimbo, kwa hiyo anayeanza aangalie kwanza hali ya mradi ilivyo siku anayosakinisha. Kwa idara yenye seva nyingi, na yenye watu wa zamu wasioandika msimbo, naipendekeza, mradi saa za kuandaa fomu zihesabiwe kwenye ubao kama saa za kazi. Mwenye seva tano, na ambaye kila kazi anaiendesha mwenyewe, Ansible kwenye terminali itamtosha.