Seti ya taimingi ya Aisin kwenye Forester SG5: mwaka na zaidi, kilomita 19,000 baadae

Nianze na mlio maana ndo ulionifikisha huku. Kila asubuhi nikiwasha gari, kabla injini haijapata moto, nasikia kitu kinalia kama nyenje upande wa mbele, dakika mbili hivi halafu kinapotea. Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2003, injini ya EJ20 ya SOHC (kamu, yaani shafti inayofungua valvu, ni moja kila upande) isiyo na tabo, gia otomatiki zile nne. Taimingi belti, ule mkanda wa ndani unaozungusha kamu kwa mpangilio, ilikuwa na miezi nane tu tangu ibadilishwe kwa hiyo kila niliyemuuliza alisema huko hakuna tatizo, wengine wakasema belti ya alteneta, wengine pampu ya pawa stelingi. Nikatoa belti zote mbili za nje, nikawasha sekunde chache tu, mlio upo palepale. Basi nikajua uko ndani ya kava.

Jumamosi nikafungua. Nikashika rola ya kwanza, vile vigurudumu vinavyoongoza belti, zile laini, nikaipiga kidole ikazunguka yenyewe muda mrefu kama gurudumu la baiskeli, maana yake grisi ndani imekwisha. Ile yenye meno imetoa vumbi la rangi ya kutu kuzunguka beringi. Belti ya miezi nane imeshaanza kutoa nyuzi ukingoni, yaani kitu kipya kinaliwa taratibu na rola iliyotoka na gari kiwandani.

Mara ile ya kwanza muuzaji wa duka nililoenda aliniambia, "Bosi, inayokatika ni belti, rola hazikatiki, usipoteze hela." Fundi niliyekuwa naye akamuunga mkono na mimi nikalipia belti peke yake. Kweli rola haikatiki, ila beringi yake ikigoma belti inaungua au inaruka meno, na hizi EJ valvu na pistoni zinatumia nafasi ileile kwa zamu, mpangilio ukipotea zinagongana. Ikifika hapo unafungua hedi, valvu zimepinda, na wengi hapo ndo huishia kununua injini nyingine ya mtumba ambayo nayo hujui belti yake ina umri gani. Gari nzima inaenda kwa sababu ya beringi inayoenea kwenye kiganja. Hii kitu iliniuma sana nilipoielewa, na ndo maana naandika hapa kwa urefu.

Nikaamua safari hii nachukua seti nzima. Niliyochukua ni ya Aisin, na ndani ya boksi kuna belti, tenshena (kile kinachobana belti), rola laini mbili, rola ya meno moja, na wota pampu na gasketi yake ya chuma. Kilichonivutia ni kwamba Aisin ni kampuni ya Kijapani inayotengeneza vitu vinavyofungwa kwenye magari mapya kiwandani, na kile ambacho hawatengenezi wenyewe wanaweka cha Kijapani pia. Belti yangu imeandikwa Mitsuboshi, beringi zimepigwa chapa za NTN na Koyo, ukiweka pembeni ya zile za zamani nilizotoa unaona ni mikono ileile. Bei ni kama mara nne ya belti peke yake, na hapo ndo wengi tunarudi nyuma. Ila piga hesabu hivi, kazi ya kufika kwenye belti ni ileile ukibadili kitu kimoja au sita, kulanti unamwaga ileile, feni unatoa zilezile. Na wota pampu ya Subaru inazungushwa na taimingi belti, kwa hiyo ikivuja au beringi yake ikifa, belti nayo imekwisha.

Sikuipata Kariakoo siku nilipozunguka, niliagiza kwa mtu anayetoa mzigo Dubai ikachukua wiki tatu. Sisemi Kariakoo hakuna, zipo, ila feki nazo zipo na zina boksi zuri kuliko la original. Usiangalie boksi. Mwambie akutoe rola nje ya plastiki uangalie ubavuni pa beringi, chapa iwe imechimbwa kwenye chuma, isiwe wino. Halafu izungushe kwa kidole. Beringi mpya yenye grisi yake inakuwa nzito, ukiipiga inaenda kidogo inasimama. Ikizunguka kwa furaha kama gurudumu la baiskeli basi iache hapohapo mezani kwake. Mi nilionyeshwa tatu za namna hiyo kwenye maduka mawili tofauti kabla sijakata tamaa nikaagiza.

Kingine cha kuangalia kabla hujalipa, SG5 zipo hizi za SOHC na zipo za tabo ambazo ni DOHC (kamu mbili kila upande), belti zake hazifanani urefu. Usiseme tu "Forester ya 2003", toa namba ya chesisi au nenda na belti ya zamani.

Sasa kwenye kufunga. Mi sio fundi, nafanya kazi ofisini na magari ni kitu ninachokipenda tu wikiendi, nina soketi za kawaida, jeki, stendi mbili na spana ya torki. Ilinichukua Jumamosi nzima na Jumapili mpaka saa tisa mchana, mdogo wangu akinisaidia kushika tochi na kunisomea manyueli. Subaru hapa inakupendelea kwa kweli, injini imelala, ndo inaitwa boksa, uso wake wote unakutazama, ukishatoa feni mbili za rejeta unapata nafasi ambayo kwenye gari nyingi za injini ya kukingama hupati kabisa. Rejeta yenyewe unaiacha, ila weka boksi la karatasi mbele yake maana spana ikiteleza mara moja tu ukatoboa vile vibati vyembamba utajuta.

Bolti ya puli ya kranki, ile shafti kuu ya injini, ni 22 na imekaza haswa. Kuna watu wanaifungua kwa kuegemeza mpini wa spana chini kisha wanapiga stata, usifanye hivyo, spana ikichomoka inavunja mkono wa mtu. Kwenye otomatiki kuna tundu juu ya maungio ya injini na gia boksi, karibu na throtoli, limezibwa na mpira. Toa mpira, ingiza bisibisi nene izuie ile sahani ya ndani isizunguke, halafu tia bomba la chuma kwenye mpini wa spana uvute kwa mwili. Yangu ilitoa mlio mkubwa mpaka mdogo wangu akaruka, ikaachia.

Alama. Hapa naomba usome mara mbili. Kwenye gia ya kranki mbele kuna mshale mkubwa unaonekana vizuri, na kila anayefanya mara ya kwanza anataka kuutumia huo. Sio huo. Alama ya kutumia ni kamstari kadogo kwenye ukingo wa nyuma wa gia hiyohiyo, unakalinganisha na alama iliyoko kwenye bodi ya oili pampu. Kamstari kenyewe kana mafuta na vumbi la miaka ishirini, safisha na brashi na petroli kidogo mpaka ukaone kwa macho yako, usikisie. Kamstari kakikaa juu pistoni zote nne zinakuwa katikati ya silinda, kwa hiyo hata kamu ikizunguka bahati mbaya valvu hazigusi kitu. Kamu zote mbili kwenye SOHC alama zake zinatazama juu. Wenye DOHC nyie mna kamu nne, na zile mbili za upande wa kushoto zina msukumo wa springi, zinaweza kuruka ghafla ukitoa belti, hiyo kazi usiianze bila kifaa cha kuzishikilia.

Belti inakuja imechorwa mistari inayokaa kwenye hizo alama tatu, ndo raha ya belti nzuri, huhesabu meno. Tenshena mpya inakuja imeminywa na kapini kamepita katikati, unaifunga kwanza, ukishahakikisha mistari yote iko sawa ndo unavuta kapini na inaibana belti yenyewe. Baada ya hapo zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, ukihisi imegonga simama. Alama za kwenye gia zirudi mahali pake. Mistari ya kwenye belti haitarudi, hilo ni kawaida kabisa, mi nilikaa nusu saa nimechanganyikiwa nikidhani nimekosea mpaka nikafikiria idadi ya meno ya belti na ya gia nikaelewa. Na ile bolti ya 22 wakati wa kurudisha kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha manyueli ya injini yako. Ikibaki legelege puli inacheza, inakula kile kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye kranki, na ukishafika hapo kranki yenyewe iko hatarini.

Seti niliyonunua haina sili za kamu, sili ya kranki wala thamostati, kwa hiyo hivyo nunua pembeni siku hiyohiyo kwa sababu uko nazo uso kwa uso. Thamostati mi nasisitiza iwe ya Subaru yenyewe. Iweke mkononi na ile ya bei rahisi, ya Subaru ina umbo kubwa na mdomo mpana, inaanza kufunguka karibu nyuzi 78. Inakaa chini ya wota pampu, bolti mbili tu, hakuna sababu ya kuiacha ya zamani.

Na maji. Wakuu, tuache kuweka maji ya kisima kwenye hizi injini. Visima vingi vya Dar vina chumvi unaionja mdomoni, halafu tunamimina kwenye injini ya aluminiamu. Wota pampu niliyoitoa mapanga yake yalikuwa yameliwa na rejeta upande wa chini ina uchafu mgumu kama wa kwenye birika. Weka kulanti iliyokwishachanganywa, au changanya mwenyewe na maji yaliyosafishwa. Wakati wa kujaza pandisha mbele ya gari, fungua kale kaskrubu ka plastiki juu ya rejeta upande wa pili na mfuniko, mimina polepole mpaka kulanti itokee pale bila mapovu ndo ufunge. Injini hii imelala, hewa inapenda kujificha kwenye hedi, na gari nyingi zinazosemekana "zimeunguza gasketi" wiki moja baada ya kubadilishwa pampu nahisi zilijazwa haraka tu. Acha iungurume mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili, hita ikiwa imefunguliwa, kisha ikipoa angalia kiwango tena.

Matokeo sasa. Mlio umekwisha siku ileile, na hapo nilikaa kwenye gari dakika kumi bila kwenda popote, nasikiliza tu ule mngurumo wa boksa ukiwa safi. Tangu hapo imepita miezi 14 na kilomita 19,000. Nimeenda nayo Iringa mara mbili, karibu kilomita 500 kwenda tu, na Kitonga nimepanda nyuma ya malori mwendo wa kutambaa, AC imewashwa, familia ndani. Sikuamini sindano ya kwenye dashibodi maana ya Subaru inakaa katikati hata joto likipanda kidogo, kwa hiyo nilichomeka kile kisomeo cha bluetooth kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, nikawa naangalia namba kwenye simu. Ilicheza kati ya 88 na 96 mlima mzima. Mwezi uliopita nilifungua kava la upande mmoja, bolti chache tu za 10, nikaangalia. Ukingo wa belti umenyooka, hakuna unyuzi hata mmoja, rola hazina vumbi, chini ya pampu pakavu.

Nani anunue na nani asinunue? Kama una stika ya Kijapani kwenye boneti au kwenye kava inayoonyesha tarehe na kilomita belti ilipobadilishwa, na tarehe ni ya karibu, subiri. Kama huna chochote, usitegemee odometa ya gari ya mtumba, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Kipimo kinachotajwa Japani ni kilomita 100,000 lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki, na kwa SG5 zetu zenye miaka zaidi ya 20 mi naona suala la kilomita halipo tena. Kama hela haitoshi seti yote, bora usubiri miezi miwili ukusanye, gari lipaki, kuliko kufunga belti mpya juu ya rola za zamani.

Ninayo bado ile rola ya meno, ipo kwenye droo ya vifaa. Jirani yangu ana Impreza ya 2005, juzi kaja kuniuliza kama belti peke yake inatosha, nikampa aishike aizungushe. Kaagiza seti, inafika wiki ijayo, tutaifunga uani kwangu.