I Believe in a Thing Called Love: watu wa season za Kikorea, hiki kitabu ni chenu

Nyie wapenzi wa season za Kikorea kuna kitabu naomba mkisome, kinaitwa I Believe in a Thing Called Love, mwandishi ni Maurene Goo, kilitoka 2017. Ni riwaya ya vijana, iko kwa Kiingereza, ila Kiingereza chenyewe chepesi tu, kama unaweza kufuata sabtaito bila kusimamisha video kila dakika basi hiki unakimaliza bila shida yoyote. Wengi wanakisifia kwa mapenzi ya wale vijana wawili na sikatai, ni matamu, ila mimi nawaambia mapema kabisa, kilichonishika humu ndani ni baba.

Stori iko hivi. Desi Lee ni binti wa Kimarekani mwenye asili ya Korea, anaishi California upande wa Orange County na baba yake ambaye ni fundi magari, mama alishafariki Desi akiwa bado mdogo. Kichwani yuko vizuri balaa, ni rais wa wanafunzi shuleni kwao, kila kitu kina mpango na mpango wenyewe unaishia chuo kikuu cha Stanford. Sasa mletee mvulana anayempenda, akili yote inahama, maneno hayatoki, kila akijaribu anaishia kuaibika. Anakuja mwanafunzi mgeni, Luca Drakos, mkaka mchoraji, mzuri, mkimya, yaani siku Desi anaongea naye, suruali ya Desi inamdondoka mbele ya mkaka. Mimi hapo nilifunika uso.

Baba yake ni mtu wa drama za Kikorea, anaangalia kila siku na hana habari na mtu, na Desi miaka yote amekuwa akipita tu sebuleni. Safari hii anakaa. Anaangalia moja baada ya nyingine na kwa vile ni mtu wa masomo anaanza kuandika, anaona zote zina njia moja, dada mwema mwenye shida za familia, kaka asiyefikika mwenye siri moyoni, halafu wanakwama mahali wawili peke yao, halafu anaingia mtu wa tatu, halafu mmoja anaponea chupuchupu kifo, mpaka anapata orodha ya hatua 24 na anaamua atazifuata moja moja mpaka Luca ampende. Na majina ya sura ndio hizo hatua, kwa hiyo ukifungua sura unajua kabisa leo kinakuja nini ila hujui kitakujaje.

Hapo ndipo nampa mwandishi Goo maua yake. Anazijua drama na anaziheshimu. Mtu yeyote aliyeangalia Boys Over Flowers ile ya 2009 anajua ninachosema, Geum Jan-di mtoto wa wenye duka la kufua nguo, Gu Jun-pyo mtoto wa tajiri mwenye kiburi, rafiki yake Ji-hoo yuko pembeni anakuumiza roho, na mama wa kijana anatumia pesa na vitisho kuwatenganisha. Tunajua itaishaje na bado tunakesha. Ni kwa sababu drama ya Kikorea inajua kukusubirisha, mara nyingi vipande 16 vya saa nzima nzima na kubusiana kunakuja katikati huko, kabla ya hapo unaishi kwa mkono ulioshikwa, mwavuli mmoja watu wawili, mtu kabebwa mgongoni kwa vile amelewa. Goo ameelewa huo mwendo na ameuhamishia kwenye karatasi, sura zinakatika pale pale unapotaka jibu, unasema moja tu nilale, wapi.

Sasa niseme na kisichonikaa vizuri. Kuna hatua Desi na marafiki zake Fiona na Wes wanapanga ajali ya gari, ya kupanga kweli, ili yeye na Luca wapate ule ukaribu. Kwenye TV lori likitokea kila mtu anajua ni drama. Humu ni watoto wa shule barabarani, na yule mkaka hajui chochote, anaamini kila kitu kinatokea chenyewe, na mimi toka hapo kila wakichekeana nilikuwa nasikia uzito kifuani maana mapenzi yake yeye ni ya kweli na yanajengwa juu ya uongo. Kitabu kinajua ni kosa, ukweli unatoka na unauma, ila kusameheana kumeenda mbio mno, nilitaka Luca akasirike muda mrefu zaidi, ana haki. Na yeye mwenyewe Luca angeongezewa nyama kidogo, mambo ya nyumbani kwao yameguswa juujuu tu.

Ila baba jamani. Fundi wa magari, mjane, anarudi kutoka kazini anakaa na binti yake wanaangalia mapenzi ya kwenye TV na wala haoni aibu. Fikiria mzee wa huku kwetu, wengi walikubali drama ya Jumong kwa sababu kuna mapanga na farasi, hii ya watu kupendana mvuani wangesema ni za akina mama. Huyu anakaa anaumia na wahusika. Ukisoma kwa makini unaona hata ule ukamilifu wa Desi, kufaulu kila kitu, kutoonyesha kwamba amechoka, sehemu kubwa ni kwamba hataki baba apate huzuni nyingine juu ya ile ya kumpoteza mke. Hawaambiani kwa hotuba, unaona tu wanavyotaniana na wanavyochungana. Kila sura yenye baba niliisoma taratibu makusudi.

Mtoto wa sekondari anaweza kusoma bila wasiwasi, mapenzi hayavuki mipaka. Kama hujawahi kuangalia hata drama moja bado utafuata stori, ila angalia angalau moja kwanza, utamu unaongezeka sana. Nyota 4 kati ya 5 kutoka kwangu, ya tano nimebaki nayo kwa ajili ya ile ajali.