ChimeraX na mafaili ya miundo ya protini: uzoefu wangu, Tanga

ChimeraX ni programu ya kuonyesha miundo ya molekuli kwa 3D, ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Hapa Tanga naitumia kwa kazi za dawa za malaria. Kwa kuingiza mafaili naipa alama za juu, ila kwa sharti moja: picha ikitokea kwenye skrini, usidhani umemaliza. Inafungua karibu kila unachoipa, hata faili lenye kasoro.

Chukua muundo 1J3J (hiyo ni namba yake kwenye hifadhidata ya miundo ya protini, PDB). Ni kimeng'enya cha DHFR cha kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kikiwa kimeshikana na pyrimethamine, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye SP, kinga ya malaria wanayopewa wajawazito kliniki. Kwenye mstari wa amri ulio chini andika open 1j3j. Faili la mmCIF, yaani la maandishi lenye mahali ilipo kila atomu, litashuka lenyewe. Kabla ya kuanza kuzungusha picha, soma Log, dirisha la taarifa za programu: ina jedwali la minyororo ya protini, kisha molekuli zisizo asidi amino za kawaida. CP6 ndiyo pyrimethamine, NDP ndiyo NADPH, molekuli msaidizi wa kimeng'enya. Sasa andika show /A:108 atoms, halafu label /A:108, yaani asidi amino ya 108 kwenye mnyororo A. Lazima isomeke ASN 108, kwa kuwa kimeng'enya hiki kina badiliko la S108N: serini imetoka, imeingia asparajini. Ukiona SER, umefungua muundo mwingine, au kuna mtu amelihariri faili na kuvuruga namba. Mistari ya vipande vipande kati ya sehemu za utepe (mchoro wa mnyororo wa protini) ni asidi amino ambazo hazikuonekana kwenye jaribio lenyewe. Hazikupotea kwenye kompyuta yako.

Ukiwa na hiari, chagua mmCIF, achana na faili la aina ya zamani, PDB. Faili la PDB linasomwa kwa nafasi za herufi: x iko nafasi ya 31 hadi 38, y ya 39 hadi 46, z ya 47 hadi 54. Ukilifungua kwa Word na kufuta nafasi moja tu, namba zote zinazofuata kwenye mstari ule zinasogea. Jina CA likianzia nafasi ya 14 ni kaboni ya alfa, likianzia ya 13 ni kalsiamu. Kwa hiyo protini iliyokataa kuchora utepe, kagua hapo kwanza, pamoja na alama ya elementi kwenye nafasi ya 77 na 78. Isitoshe, PDB inaishia atomu 99,999, na molekuli ndogo mpya zenye majina ya herufi 5 haziingii kwenye nafasi 3 za jina.

Dawa yenyewe, pyrimethamine, ivute kwa open pubchem:4993, namba yake kwenye hifadhidata ya molekuli ya PubChem. Ukishusha faili lake la SDF kwa mkono kutoka PubChem, hakikisha ni ya 3D. Ya 2D ina z ya 0.0000 kila mstari, na molekuli inalala bapa kama chapati.

Faili la XYZ, orodha tu ya atomu na mahali zilipo, halina bondi ndani yake. Programu inazikisia kutokana na umbali wa atomu, na inategemea vipimo viwe angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Faili likiandikwa kwa bohri, kipimo kingine cha urefu, kaboni mbili zenye umbali wa angstromu 1.54 zitaonekana ziko mbali kwa 2.91, na utapata atomu zilizotawanyika bila bondi. Zidisha kila namba kwa 0.529177, kisha fungua upya.

Kwa wenye bando dogo, hili nalipenda mno: kila muundo ulioshushwa unabaki kwenye folda ya Downloads/ChimeraX, na open ya pili haihitaji intaneti. Ukiushusha kwa kivinjari, ile .cif.gz inafunguka bila kuifumua. Kwenye Windows washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, maana 1j3j.cif.txt huonekana kama 1j3j.cif na programu haitaitambua kama muundo.

Miundo mingi iliyopatikana kwa eksirei haina haidrojeni. Andika addh ili kuziongeza kabla ya kupima bondi za haidrojeni au kupeleka faili kwenye programu ya kukisia jinsi dawa inavyokaa kwenye protini (docking).

Kabla ya kupakua, angalia kama kadi ya picha ya laptopu yako inamudu OpenGL 3.3, mfumo wa kuchora picha za 3D. Chini ya hapo programu haitafanya kazi, na kwa laptopu za mtumba hilo ni jambo la kawaida. Kazi ihifadhi mara kwa mara kwa save kazi.cxs (faili la ChimeraX lenye kazi yako yote), umeme usikukute hujahifadhi. Ukimpa mwenzako, mpe na faili la mmCIF, kwa sababu cxs ya toleo jipya inaweza kukataa kufunguka kwenye toleo la zamani.