Matunzo ya mtoto: ustawi wa jamii au mahakamani?

Mmeachana, mtoto yuko kwako Chang'ombe, baba yake yuko Kongwa na ana mashamba. Uanzie wapi?

Ustawi wa jamii ni karibu. Mnaitwa, mnakaa mezani, mnaandikishana: kiasi fulani kila mwezi, sare, bima. Uzuri wake ni kwamba hamtoki na uadui. Shida inakuja mwezi wa nne tangu mwandikishane, simu haipokelewi na ile karatasi peke yake haimkamati mtu.

Mahakamani kuna mizunguko, nauli, na "njoo tarehe nyingine". Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu apime kipato cha wazazi wote wawili (ndiyo, na cha kwako mama) pamoja na gharama za maisha za eneo lenu. Baba akikaidi amri, mshahara au mali yake inaweza kukamatwa. Kwa hiyo nenda na risiti za ada na dawa, hata za daftari.

Mimi ningeanza ustawi, ila kwa baba mwenye historia ya kukwepa, moja kwa moja mahakamani.

Matunzo yako mwenyewe kama mtalaka ni dai jingine, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na hukoma ukiolewa tena. Ya mtoto hayakomi kwa sababu hiyo.