Kioo kifupi kwenye Honda CB400 Super Four: uzoefu wangu na upepo wa safari ndefu

Wakuu, piki yangu ni Honda CB400 Super Four, ile ya taa ya duara, cc 399, silinda nne, imekuja used toka Japani kama zilivyo nyingi hapa Dar. Kwa asiyeijua, hii piki haina kava lolote mbele, ukishakaa juu yake mbele yako kuna dashibodi na taa basi, kinachofuata ni upepo wa Mungu. Mjini hiyo sio shida hata kidogo, kwa joto la Dar upepo wa kifuani ni raha tupu. Kasheshe inaanza ukishaiacha Mlandizi, barabara imefunguka, unataka kutembea spidi ya mia, mia na kumi hivi mpaka Chalinze, hapo ndo unajua kwamba kifua chako ndo kimekuwa kioo cha gari.

Nimeona niandike kwa sababu watu wengi wananiuliza kile kioo kidogo cha kukinga upepo nilichofunga mbele, juu ya taa, kinasaidia au ni urembo tu. Kinasaidia, tena sana, ila sio kwa namna watu wanavyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu upepo wenyewe. Upepo haukuongezei mzigo sawasawa na spidi, unaongezeka kwa mraba wa spidi. Yani ukitoka 80 kwenda 110 spidi imepanda kidogo tu machoni, lakini nguvu inayokusukuma kifuani imekaribia kuwa mara mbili, na ukifika 120 imeshapita mara mbili ya ile ya 80. Ndo maana mtu anasema mbona kwenye 80 nilikuwa natembea vizuri tu halafu hapa juu kidogo mikono inauma, shingo inauma, unajikuta umening'inia kwenye steringi kama vile unavutwa nyuma na mtu. Na ukining'inia kwenye steringi piki nayo inaanza kuyumba, kwa sababu kila upepo unapokutikisa wewe, mikono inaipeleka ile tikisa moja kwa moja kwenye tairi la mbele. Honda wenyewe walilijua hili, mwaka 2005 walitoa ndugu yake, CB400 Super Bol d'Or, injini ileile ila kavalishwa kava nusu mbele, na jina wamelitoa kwenye yale mashindano ya Ufaransa ya kukimbia saa 24. Ila hizo ukizipata hapa kwetu bei inakuwa nyingine kabisa, na mimi ya kwangu naipenda hivihivi na taa yake ya duara.

Kioo chenyewe ni cha kawaida, sio cha kampuni kubwa kama Puig au Givi. Kimetengenezwa kwa polikaboneti, ile plastiki ngumu ya kuona ng'ambo, urefu kama sentimita thelathini, kinakuja na braketi mbili na vibano vya kufunga kwenye steringi ya milimita 22, ambayo ndo saizi ya CB400 na piki nyingi tu. Nilikichukua Kariakoo, laki moja na ishirini baada ya kuvutana bei. Kufunga ni kazi ya kufanya mwenyewe nyumbani na ufunguo wa L, hauhitaji fundi, ila usikaze boliti kwa hasira, plastiki inapasuka pale kwenye tundu, weka washa za mpira pande zote mbili halafu kaza mpaka ishike tu. Braketi zishushe chini kadri zinavyokwenda, karibu na taa, maana kioo kinachokaa juu sana kinaipa upepo nafasi ya kuzungusha steringi.

Sasa matokeo. Kifuani na tumboni upepo umepungua kwa kiasi ambacho unakihisi hapohapo dakika ya kwanza. Ule mzigo wa kuvutwa nyuma umeondoka karibu wote, mabega yametulia, mikono imelegea. Kichwani upepo bado upo, na hapa ndo penyewe, UPO NA NDIVYO INAVYOTAKIWA. Kichwa kiko kwenye upepo ulionyooka, unapita kwenye helmeti moja kwa moja bila kuipigapiga.

Nasema hivi kwa sababu nimejaribu na kirefu pia. Jamaa yangu tunayesafiri naye ana CB400 kama yangu, yeye alifunga kile kioo kirefu kinachofika karibu na kidevu, tukabadilishana piki Morogoro mpaka tunaikaribia Mikumi. Kwenye 70, 80 kirefu ni kitamu sana, kimya, kama uko sebuleni. Ukipita 95 hivi balaa, helmeti inatikiswa kulia kushoto mpaka maandishi ya vibao vya barabarani yanacheza machoni, na kelele inakuwa nzito zaidi kuliko bila kioo kabisa. Sababu ni kwamba upepo ukifika ukingo wa juu wa kioo unakatika, unavurugika, unajikunja na kuanguka nyuma yake, na kule nyuma ndiko kichwa chako kilipo. Ukiwa na kioo kirefu cha kufunika mpaka juu ya kichwa kama zile piki za polisi hapo sawa, ukiwa na kifupi kinachoishia kifuani hapo sawa, ila hicho cha katikati kinachokumwagia usoni ndo kibaya kuliko vyote. Na inategemea na urefu wa mtu, jamaa yangu ni mfupi kwangu na yeye halalamiki kama mimi nilivyolalamika.

Kuna njia rahisi ya kujua kabla hujatoa hela. Ukiwa kwenye spidi yako ya safari, barabara iko tupu na imenyooka, simama kidogo kwenye vikanyagio, kisha kaa, kisha inama kidogo. Kama ukisimama kelele na mtikisiko vinakata maana yake kioo kinakumwagia upepo mbovu kichwani, kishushe au kilaze nyuma. Kama ukiinama ndo vinakata basi kipandishe. Mimi changu nilikuwa nakilaza kidogokidogo mpaka nikapata pale kelele ilipokuwa ya mstari mmoja, ssssss, badala ya ile ya kubamiza bamiza. Na uache nafasi ya vidole viwili kati ya kioo na taa, upepo kidogo upite chini yake, kwa sababu ukiziba kabisa nyuma ya kioo hewa inakuwa nyepesi na ule upepo wa juu unavutwa kuja kujaza hapo, unarudi kwenye kifua chako tena.

Ila wakuu, nikiambiwa nichague kitu kimoja tu, kioo au vizibo vya masikio, nachukua vizibo. Vile vya sponji vya rangi ya machungwa unavyominya na kuingiza, vinauzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini, bei ya soda. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye spidi ya mia inafika desibeli mia hivi hata kama helmeti ni nzuri, na wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanasema desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo masaa 8, kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, ukipiga hesabu mpaka 100 unabakiwa na dakika 15. Dakika kumi na tano! Wakati Dar mpaka Morogoro peke yake ni kilomita kama 190. Ile miluzi unayoisikia masikioni usiku ukishalala baada ya safari ndo sikio linalia, na likifa halirudi. Tena uchovu wenyewe mwingi tunaousingizia upepo ni kelele, ukivaa vizibo unafika Iringa bado una akili za kuongea na watu. Honi za mabasi unazisikia vizuri tu, kinachokatwa ni ule mvumo.

Helmeti yenyewe pia iangalie. Zile za motokrosi zenye kofia ya mbele ni nzuri porini, kwenye lami ukigeuza kichwa kuangalia pembeni upepo unaikamata ile kofia unazungushwa shingo. Helmeti inayopwaya nayo inanyanyuka na kukukaba kidevuni. Chukua ya kubana mashavu, yenye alama ya ECE ya kweli, ile ya viwango vya usalama vya Ulaya, na uweke kile kitambaa cha kidevuni kinachoziba upepo wa chini.

Jaketi liwe la kubana, la kupepea linakugeuza bendera, ukosi na mikono ifungwe. Begi la mgongoni mimi nimeachana nalo safari ndefu, linakamata upepo na mikanda inakuchapa. Tangi la CB400 ni la chuma kwahiyo begi la sumaku linakaa vizuri juu yake, na uzuri wake lenyewe linakinga upepo wa tumboni, yani kioo kifupi na begi la tangi vikiwa pamoja ni kama umepata kava nusu.

Sasa kitu ambacho kioo HAKITAKUSAIDIA ni upepo wa ubavuni na malori, na hapa ndo penye hatari yenyewe. Barabara ya Tanzam, hii ya Dar kwenda Zambia, ina semitrela za Zambia na Kongo usiku na mchana. Lori likija mbele yako linatanguliza ukuta wa hewa, unakusukuma, likishapita linakuvuta. Ukiliona sogea kushoto kidogo kwenye njia yako, inama kabla halijafika, banisha magoti kwenye tangi, viwiko vilegee. Usiikamate steringi kwa nguvu, iache icheze kidogo, piki inajinyoosha yenyewe.

Mbaya zaidi ni unapolipita lori huku upepo wa kusi unapuliza toka kushoto. Kipindi cha Juni mpaka Agosti ukitoka Chalinze kwenda Morogoro upepo unakuja kushoto kwako, ukiwa ubavuni mwa lori umekingwa, umetulia, umesahau, ile unatokeza tu mbele ya kichwa cha lori upepo wote unakupiga kwa mkupuo na unakusukuma kulia, kule wanakotokea wengine. Jiandae kabla ya kutokeza, sukuma mkono wa kushoto taratibu kwenda mbele, piki italala kushoto kidogo kuukabili upepo na utaendelea na mstari wako. Juu kule Mafinga, Makambako ndo upepo wenyewe unakaa, na Singida vilevile, sio bure kila wakizungumzia umeme wa upepo nchi hii wanataja Makambako na Singida. Pale mimi napunguza mpaka 80, na kioo kirefu pale sikishauri kabisa kwa sababu kinakuwa tanga la ngalawa, na kwa kuwa kimefungwa kwenye steringi upepo wa ubavuni unaigeuza steringi moja kwa moja. Hili peke yake linanitosha kuchagua kifupi.

Jinsi ya kukaa nayo ina kazi yake. Inama mbele kidogo tu kutokea kiunoni, mgongo usiwe wima kama mlango, acha upepo ukubebe kifua, ukikaa vizuri kuna spidi ambayo upepo unakushikilia na mikono haibebi kitu. Kwenye CB400 yangu ni kama 100 hadi 105. Na kwa vijiji vyetu vya spidi 50 na tochi za trafiki zilizojificha kwenye kila mteremko, huwezi kutembea juu ya hapo muda mrefu, na ile Hifadhi ya Mikumi ndo kabisa, pita polepole, faini ya mnyama sio mchezo na mnyama mwenyewe hana kosa.

Mapungufu ya kioo changu. Plastiki inachunika haraka, wadudu ukiwafuta wakavu unachora mistari, weka kitambaa chenye maji juu yake dakika kadhaa walainike kwanza, usitumie petroli wala ile dawa ya kusafishia vioo vya nyumbani, inakifanya kiwe na ukungu na vipasuko vidogovidogo. Vibano vinalegea kwa mtikisiko, nimeweka gundi ya nati na bado navikagua kila nikisimama kunywa chai. Injini ikifika mizunguko 6,000 na kitu kwa dakika, pale VTEC (mfumo wa Honda wa kuendesha vali) inapofungua vali zote, kioo kinachachatika kidogo, haisumbui ila utaisikia. Mvua haikingi chochote cha maana. Na usikinunue cha rangi nyeusi ukidhani utaangalia kupitia hapo, kioo kifupi unaangalia juu yake, usiku taa za magari zikipita kwenye ile plastiki iliyochunika zinatawanyika zote machoni.

Kwa wenye piki nyingine: Boxer na TVS nyingi za steringi ya bomba moja vibano hivi vinaingia. Wenye Pulsar NS200 hapana, ile steringi yake ni ya vipande viwili na taa sio ya duara, tafuta kioo kilichotengenezwa kwa NS yenyewe kinachofungwa juu ya taa, na kabla ya kulipa muombe muuzaji mkifunge palepale dukani, ukate steringi kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho uone kama kioo hakigusi tangi na hakivuti waya wa klachi.