Amplifaya ya gitaa ya mtumba: ipi ununue ukiwa na mfuko mdogo

Ukinunua amplifaya mpya, unachagua sauti tu. Mengine yote yako kwenye waranti. Ya mtumba ni kama gari lililopitia mikono: sauti ni nusu ya habari, nusu nyingine ni itaishi muda gani, na siku ikifa fundi ataitengeneza au atakurudishia na pole. Kwa hiyo sikuipanga orodha hii kwa utamu wa sauti peke yake. Kila moja nimeiuliza maswali matatu. Inabaki safi ukiipandisha, au inaanza kukoroma? Ina spika ya inchi 12? Na ikiharibika, fundi wa kawaida wa redio ataweza kuifungua akaelewa anachokiona?

Sauti safi nimeitanguliza kwa makusudi. Wengi hukimbilia ampu yenye distoshen kali, ile sauti chafu ya roki, wakati distoshen unaweza kuipata kwenye pedali, kisanduku cha kubadilishia sauti kwa mguu, ya bei nafuu inayoenea kiganjani. Usafi wenye nguvu haupo kwenye pedali yoyote duniani. Ama ampu inao, ama haina. Ukiwa nao, leo unapiga jazi, kesho roki, keshokutwa rege, na kinachobadilika ni pedali tu.

Wati nazo zimewapoteza wengi. Wati 100 hazisikiki mara mbili ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3, yaani kidogo sana. Ili sikio liseme "hii sasa ni maradufu" unahitaji nguvu kama mara kumi hivi. Spika ndiyo inayofanya kazi ambayo watu wanadhani inafanywa na wati. Spika yenye unyeti (sauti inayotoa kwa kila wati) wa desibeli 100 ikipewa wati 25 inasikika sawa na ya desibeli 97 inayokula wati 50. Kwa bendi yenye mpiga dramu asiyejua kupiga kwa sauti ndogo, ampu ya transista ya wati 50 hadi 80 inatosha, na ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) hata 15 hadi 40, kwa sababu ya valvu ikizidiwa inalainika kwa namna inayopendeza, ya transista inakwaruza.

1. Peavey Bandit

Najua, haina urembo. Ni boksi jeusi ambalo hakuna anayelipiga picha. Lakini kwa pesa kidogo sioni inayoishinda. Peavey ni kampuni ya Meridian, Mississippi, iliyoanza mwaka 1965, na Bandit wameitengeneza kwa matoleo mengi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani ni transista na vipuri vya kawaida ambavyo fundi amevishika mara elfu kwenye redio na televisheni. Hilo ndilo lililoipa namba moja.

Tafuta zile zilizoandikwa TransTube usoni, za kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Zinatoa wati 80 kwenye spika yake yenyewe, na 100 ukiunganisha spika ya pili. Kuna chaneli mbili, yaani njia mbili za sauti, safi na chafu, kuna mwangwi, na nyuma kuna matundu mawili ya kupitishia pedali za dilei, zile zinazorudia sauti kwa kuchelewa. Za zamani zaidi, zile zenye namba 65 na 75, chaneli safi ni nzuri ajabu, ila ile chafu inalia kama nyuki ndani ya kopo. Usiijali. Weka pedali mbele na uendelee na maisha. Uzito unakaribia kilo 20, kwa hiyo mpende mwenye gari.

2. Boss Katana 50

Ilitoka mwaka 2016, toleo la pili likafuata 2019, na watu wengi wanauza la kwanza ili wapate jipya. Huo ndio mlango wako. Ni ampu ya dijitali, lakini imetengenezwa na watu wanaojua gitaa: ina tabia tano za sauti, kuanzia safi kabisa hadi ile ya kupasua, pamoja na korasi (inayofanya gitaa moja lisikike kama kadhaa), dilei na mwangwi vya ndani. Kitu kinachoifaa nyumba yenye majirani ni swichi ya nguvu: wati 50, 25, au nusu wati. Ukiiweka nusu wati unaipandisha vizuri bila mtu kugonga ukuta. Ina tundu la hedifoni, ina USB ya kurekodia, na uzito wake ni kilo 12 hivi.

Basi kwa nini si ya kwanza? Kwa sababu ya swali la tatu. Bodi yake ni ya vipuri vidogo vidogo vilivyobanana, na ikiungua chipu kuu, fundi wengi watakushauri utafute bodi nzima. Ukiipata ikiwa nzima, haina miaka mingi na ina risiti, mimi mwenyewe ningeichukua kabla ya Bandit. Kitu kimoja cha kujua: mwenye nayo wa kwanza anaweza kuwa ameihifadhia sauti zake za ajabu. Usiihukumu kabla hujairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani.

3. Roland Cube 60 au 80X

Kabla ya Katana kulikuwa na hizi (Cube 60 ya miaka ya 2000, si ile ya zamani). Nazo ni za dijitali, nazo zina spika ya inchi 12, na uso wake ni wavu wa chuma unaovumilia kubebwa ovyo. Ndani yake kuna sauti inayoiga Roland JC-120, na hiyo peke yake inalipa gharama. 80X ina hata kirudiaji (looper) cha kurekodi kipande kikajirudia, ukakipigia solo juu yake. Angalia tu usichanganye na Cube 30, ambayo spika yake ni ya inchi 10. Kwa mazoezi ya nyumbani inatosha, jukwaani itakufanya uombe maikrofoni.

4. Fender Blues Junior na Hot Rod Deluxe

Hapa tunaingia kwenye valvu, na hapa moyo unataka kushinda akili. Blues Junior ni wati 15, valvu mbili za EL84 upande wa nguvu. Hot Rod Deluxe, iliyotoka 1996, ni wati 40 kwa valvu mbili za 6L6. Zote zina spika moja ya inchi 12, na mguso wake chini ya vidole hakuna transista inayoufikia sawasawa: ukipiga taratibu ni safi, ukikaza mkono inaanza kunguruma, bila kugusa nobu yoyote.

Lakini bei unayoambiwa si bei utakayolipa. Valvu za nguvu huchakaa na hununuliwa kwa jozi iliyolingana. Hot Rod baada ya kubadilishwa valvu inataka fundi arekebishe bayasi, yaani kiwango cha umeme kinachopita kwenye valvu. Kapasita kubwa za umeme nazo, baada ya miaka 15 au 20, huchoka na kuanza kutoa mvumo. Weka akiba ya haya kabla hujatoa pesa, na kama akiba hiyo haipo, rudi namba moja. Jambo jingine kuhusu Hot Rod: sauti yake hupanda kwa kuruka. Nobu ikifika 2 tayari nyumba nzima inajua unapiga nini. Blues Junior inastahimilika zaidi ndani ya chumba, ila ina chaneli moja na haina matundu ya pedali nyuma.

Tena, usiwashe ampu ya valvu ikiwa spika haijaunganishwa, hata kwa dakika ya kujaribu. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ni kati ya vipuri vya bei ghali kuliko vyote mle ndani. Wala usiifungue mwenyewe: kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi.

5. Roland JC-120

Imekuwepo tangu 1975. Wati 60 mara mbili, spika mbili za inchi 12, na korasi inayotoka kulia na kushoto kwa pamoja mpaka gitaa linaonekana pana kuliko chumba. Sauti safi ya ampu nyingine hupimwa kwa hii. Distoshen yake usiiguse. Nimeiweka ya tano kwa sababu mbili tu: uzito unaokaribia kilo 30, na wenye nazo wanajua wana nini. Ukiikuta kwa bei ya Bandit, sahau yote niliyoandika hapo juu.

Ambazo ningeziacha: zile ndogo zinazouzwa kwenye kifurushi pamoja na gitaa la mwanafunzi, zenye spika ya inchi 6 au 8, kwa kuwa utazikinai ndani ya miezi mitatu, na vichwa vya valvu vya wati 100 (ampu zisizo na spika ndani) vyenye kabati lake la spika, ambavyo huuzwa rahisi kwa sababu hakuna anayeweza kuvibeba wala kuvipandisha sauti hata robo.

Siku ya kwenda kuiona

Nenda na gitaa lako na waya wako mwenyewe. Kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja nyuma ya ampu. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini iliwashwa kabla hujafika. Kisha usiijaribu kwa haraka. Hilo nilijifunza kwa gharama. Niliwahi kununua moja kwa muuzaji mmoja mchangamfu, nikaijaribu dakika tano, tamu kabisa. Nikafika nyumbani, dakika ya ishirini ikaanza kutoa sauti kama karanga kwenye kikaango, kisha ikanyamaza. Kiungo cha risasi kilikuwa kimepasuka. Kikipata joto kinatanuka na kuachia. Tangu siku hiyo nakaa nusu saa, nikipiga na kupiga soga, na anayeona nusu saa ni nyingi namwachia ampu yake.

Washa bila gitaa kwanza, usikilize. Mvumo mdogo ni kawaida, mvumo mzito unaoongezeka si kawaida. Zungusha kila nobu toka mwanzo hadi mwisho: ikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia inatibu, ila unaweza kuitumia kupunguzia bei. Chomeka waya na uuchezeshe kidogo kwenye tundu. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Kama ni ya valvu, gonga valvu moja moja kwa upande wa penseli wenye kifutio; inayolia kama kengele kwenye spika imeanza kuchoka. Mwisho zima, kisha sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole vilivyotawanyika sawasawa. Ukisikia mkwaruzo ndani, koili inagusa, na hapo unahesabu bei ya spika nyingine.

Halafu soma kibandiko cha nyuma. Ampu iliyoletwa kutoka Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka kwenye umeme wa 230 bila transfoma ya kushushia, fyuzi ikiwahi ni bahati yako. Transfoma hiyo lazima iwe na wati zaidi ya zile zilizoandikwa karibu na waya wa umeme, wala si zile za spika. Ampu ya valvu ya wati 40 inaweza kuvuta zaidi ya 150 ukutani. Bei ya transfoma iingize kwenye bei ya ampu kabla ya kuanza kupatana, na umwambie muuzaji umeiingiza.